Namna ya kusoma utafiti kuhusu ndoa za jinsia moja na ustawi wa watoto

Kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu hapa Lamu kilipokea, katika juma moja, jumbe mbili zisizoweza kukaa chungu kimoja. Wa kwanza ulisema kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa watoto wanaolelewa na wazazi wa jinsia moja huharibikiwa. Wa pili ulisema kwamba wanasayansi hao hao wamethibitisha kuwa watoto hao huwashinda wenzao shuleni. Jirani yangu, ambaye ni muuguzi, alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa ameishika simu kama mtu aliyeshika noti anayoishuku.

“Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu,” alisema. “Kati ya hawa wawili, mwongo ni nani?”

Nilimjibu kwamba huenda hakuna mwongo. Kila mmoja ameokota namba kwenye makala ambayo kweli ipo, na akaiacha sentensi iliyoitangulia namba hiyo. Tulikaa dakani hadi adhana ya magharibi tukizisoma makala zenyewe, na mwongozo huu umetokana na mazungumzo yale. Haumwelekezi msomaji aamini nini. Unamwonyesha namna ya kuishika karatasi ya utafiti wa aina hii ili asichukuliwe na mkondo wa mtu mwingine.

Tenga kwanza swali linalopimika

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Lipo swali la dini, ambalo huku kwetu hupelekwa kwa mashekhe na huko kwingine kwa mapadri na wachungaji. Lipo swali la sheria, ambalo kwa Kenya lina maandiko yake: Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mahusiano ya jinsia moja. Halafu lipo swali la tatu, ambalo ndilo pekee linaloweza kuingia kwenye hojaji ya mtafiti: je, mtoto aliyekulia nyumba ya namna fulani anasoma vipi, analala vipi, ana huzuni kiasi gani, anaugua mara ngapi?

Mtafiti wa afya ya watoto hawezi kujibu swali la kwanza wala la pili, na anayedai kwamba utafiti wake umeyajibu amevuka mpaka wa kazi yake. Hili linawahusu wa pande zote mbili. Anayeamini kwamba jambo hili ni haramu hahitaji jedwali la takwimu ili aendelee kuamini hivyo, na jedwali lisilomuunga mkono halimwondolei imani yake. Ukishalikubali hilo, utaisoma makala kwa utulivu zaidi, kwa sababu hutakuwa na haja ya kuivuta ikupe isichokuwa nacho.

Itafute makala yenyewe, na uanzie katikati

Ujumbe wa simu si utafiti, na habari ya gazeti juu ya utafiti si utafiti. Tafuta jina la mtafiti, mwaka na jarida, kisha uifungue makala. Muhtasari hupatikana bila malipo karibu kila mara, na makala nyingi za afya siku hizi husomwa zote bure. Hata hivyo, muhtasari ndio sehemu inayodanganya kwa urahisi zaidi, kwa sababu umeandikwa ili kuvutia. Mimi huanza na sehemu inayoeleza mbinu, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni kavu. Humo ndimo mnamoandikwa nani alihesabiwa, aliulizwa nini, na akalinganishwa na nani. Matokeo huyasoma baadaye.

Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya wazazi nikatamka asilimia fulani kuhusu malezi, niliyoinakili kutoka kwenye semina moja huko Malindi. Mzazi mmoja, fundi wa majahazi, aliniuliza kwa upole: “Asilimia ya watu wangapi, Mwalimu?” Sikuwa na jibu. Baadaye niliitafuta makala hiyo na kukuta kwamba walioulizwa hawakufika hata arubaini.

Nani alihesabiwa

Chukua mfano wa utafiti wa muda mrefu kuliko yote katika eneo hili, ulioanzishwa Marekani mwaka 1986 na daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Nanette Gartrell. Familia 84 ziliandikishwa, za wanawake waliokuwa na wapenzi wa kike au waliokuwa peke yao, waliopata mimba kwa mbegu za mchangiaji. Nao walifuatiliwa tangu kabla ya watoto kuzaliwa. Mwaka 2010 matokeo ya vijana 78 waliofikia umri wa miaka 17 yalichapishwa katika jarida la Pediatrics. Kwa mujibu wa majibu ya mama zao, vijana hao walikuwa na matatizo machache ya tabia kuliko wenzao waliotumiwa kama kipimo. Mwaka 2018, katika New England Journal of Medicine, vijana 77 waliofika miaka 25 walijijibia wenyewe, na haikuonekana tofauti ya maana kati yao na watu wengine wa rika lao katika afya ya akili.

Uzito wa kazi hii ni kwamba watu wale wale walifuatwa kwa robo karne na zaidi, na ni wachache mno waliopotea njiani. Mtu aliyewahi kufuatilia chanjo za watoto katika visiwa vya Pate na Ndau anajua ugumu wa jambo hilo.

Udhaifu wake uko mlangoni. Wale mama walijitolea. Waliitikia matangazo na habari zilizopita katika miji kama Boston, Washington na San Francisco, na wengi wao walikuwa weupe waliosoma. Fikiria unataka kuijua afya ya manahodha wote wa Lamu, ukasimama gatini Mokowe asubuhi ukawauliza waliokuwepo. Mgonjwa yuko nyumbani amelala, na aliyeuza mashua yake kwa madeni hayupo gatini. Utapata majibu ya kweli kutoka kwa watu wa kweli, lakini hayatakuwa majibu ya manahodha wote. Vilevile angalia nani aliyetoa jibu: mama anayejua kwamba familia yake inatazamwa na nchi nzima ana sababu ya kumsifu mwanawe. Ndiyo maana matokeo ya 2018, ambapo vijana wenyewe walisema, yana uzito tofauti na yale ya 2010, ingawa wote ni watu wa familia zile zile.

Kwa hiyo utafiti huu unaweza kubeba kauli kwamba zipo familia za namna hii ambazo watoto wake wamekua salama, na kwamba mtu hawezi kudai kuwa madhara hayaepukiki. Hauwezi kubeba kauli kwamba familia zote za namna hii ni bora. Huko Australia mwaka 2014 timu ya Simon Crouch ilichapisha takwimu za watoto 500 kutoka kwa wazazi 315. Idadi ni kubwa zaidi, lakini mlango ni ule ule wa kujitolea, na waliojibu ni wazazi.

Alilinganishwa na nani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae zaidi, kwa sababu ujumbe wa kwanza uliotufikia mtaani ulitokana na kosa la mahali hapa.

Mwaka 2012 mwanasosholojia Mark Regnerus wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin alichapisha utafiti wa Wamarekani karibu 3,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 39. Sampuli yake ilikuwa na sifa ambayo ile ya Gartrell haikuwa nayo: ilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi nzima. Matokeo yake yalikuwa mazito. Wale waliosema kwamba mama au baba yao aliwahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mtu wa jinsia yake walikuwa na hali duni katika mambo mengi, kuanzia ajira hadi huzuni.

Sasa isome mbinu. Mtu aliingizwa katika kundi hilo kwa sababu mzazi wake aliwahi kuwa na uhusiano kama huo wakati wowote utotoni mwake, hata kama mtoto hakuwahi kuishi siku moja na mpenzi huyo wa mzazi. Wengi wao walizaliwa katika ndoa ya mke na mume iliyovunjika. Waliolelewa na wanawake wawili tangu kuzaliwa hadi utu uzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kundi hilo likalinganishwa na watu ambao wazazi wao waliowazaa walioana na hawajaachana mpaka leo.

Tuuhamishie ulinganisho huu kwetu. Chukua watoto ambao baba zao walizama baharini, wakahamishwa kutoka Faza hadi Amu, wakabadilishiwa shule mara tatu, kisha wakamalizia utoto kwa bibi. Walinganishe na watoto ambao hawakuhama wala hawakufiwa. Ukiona tofauti, usiseme kwamba bibi ndiye aliyewaharibu. Umeipima misukosuko, ukaibandika jina la bibi. Regnerus mwenyewe aliandika katika makala ile kwamba hazungumzii sababu. Lakini sentensi hiyo haikufika kwenye simu ya jirani yangu.

Mwaka 2015 wanasosholojia Simon Cheng na Brian Powell waliirudia data ile ile, mtu mmoja mmoja, na ninaipenda kazi yao kwa sababu ni ya mkono, kama kupepeta mchele. Walikuta kwamba wengi katika kundi lile hawakuishi na mzazi huyo na mpenzi wake, au waliishi nao kwa muda mfupi mno, na kwamba baadhi ya majibu hayakuaminika hata kidogo. Alikuwamo kijana wa miaka 25 aliyejiandika kuwa na urefu wa futi 7 na inchi 8 na uzito wa ratili 88, ambazo hazifiki kilo 40, ameoa mara nane na ana watoto wanane. Kijana huyo ni namba moja tu ndani ya jedwali, ila jedwali lenye watu wachache hupindishwa na namba moja. Walipoondoa majibu ya namna hiyo na kuwapanga upya waliobaki, tofauti nyingi zilififia.

Fedha za utafiti wa Regnerus zilitoka sehemu kubwa kwa Taasisi ya Witherspoon, inayojulikana kwa msimamo wake wa kihafidhina. Kazi ya Gartrell nayo ilipata fedha kutoka mifuko inayotetea watu wa mapenzi ya jinsia moja. Mfadhili ni sababu ya kuichunguza makala kwa jicho la pili. Si sababu ya kuitupa bila kuisoma, na anayemtaja mfadhili wa upande mmoja pekee yuko kwenye siasa.

Data moja, majibu mawili

Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitumia sensa ya Marekani ya mwaka 2000 kuangalia kama watoto wa wazazi wa jinsia moja hurudia darasa zaidi ya wengine. Katika makala yake ya 2010 alisema kwamba, ukishahesabu kipato na elimu ya wazazi, tofauti kati yao na watoto wa wazazi waliooana haionekani kwa uhakika. Mwaka 2013 Douglas Allen na wenzake waliichukua sensa hiyo hiyo wakasema tofauti ipo.

Hakuna aliyeghushi. Rosenfeld aliwaacha nje watoto waliohamia nyumba nyingine ndani ya miaka mitano, kwa hoja kwamba mtoto aliyehamia jana huenda alirudia darasa akiwa chini ya paa la mtu mwingine. Allen na wenzake waliwarudisha ndani ili sampuli iwe kubwa. Mimi naona hoja ya Rosenfeld ina nguvu zaidi, kwa kuwa ukubwa wa sampuli haukusaidii ikiwa umemwandikia mlezi deni lisilo lake. Lakini msomaji anaweza kupima mwenyewe, maana sababu zote mbili zimeandikwa waziwazi.

“Hakuna tofauti” maana yake nini

Kauli hii husomwa vibaya kuliko zote. Mizani ya kupimia papa sokoni haiwezi kupima kipini cha dhahabu. Ukikiweka, mshale hautasogea, na hiyo haina maana kwamba kipini hakina uzito. Utafiti wa watu 77 ni mizani ya papa. Ungeweza kuona madhara makubwa kama yangekuwepo, ila tofauti ndogo ya upande wowote ingeupita. Kwa hiyo makala inaposema haikuona tofauti, iulize ilikuwa na watu wangapi kabla hujairefusha kauli hiyo ikawa “imethibitishwa kuwa ni sawa”.

Mizani nyembamba zaidi imepatikana Uholanzi, nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa za jinsia moja, mwaka 2001. Huko serikali huandika katika rejista ni nani anaishi na nani na mtoto amepata alama gani, na hivyo hakuna anayejitolea wala anayejisifu. Mwaka 2020 Deni Mazrekaj na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 2,971 wa wazazi wa jinsia moja, wakilinganishwa na zaidi ya watoto milioni moja. Wale wa kwanza walipata alama za juu kiasi mwishoni mwa shule ya msingi. Huu ndio uliokuwa ujumbe wa pili wa kikundi chetu.

Lakini soma zaidi. Wazazi hao walikuwa na kipato na elimu ya juu, kwa sababu mtoto kwao haji kwa bahati, huja kwa matibabu ghali na mipango ya miaka. Na watafiti wenyewe walionyesha kwamba hali hiyo ya kiuchumi ni sehemu kubwa ya maelezo. Angalia pia kwamba kati ya watoto wale, 2,786 walikuwa wa wanawake wawili na 185 tu wa wanaume wawili. Makala inaposema “wazazi wa jinsia moja”, nyuma ya neno hilo wamesimama wanawake karibu peke yao.

Asilimia ya nini

Wapo watafiti wanaoacha malezi na kuangalia sheria yenyewe ya ndoa. Mwaka 2017 Julia Raifman na wenzake walitumia majibu ya wanafunzi zaidi ya 760,000 wa shule za sekondari Marekani, wakilinganisha majimbo 32 yaliyoruhusu ndoa hizo na mengine ambayo hayakuwa yameruhusu. Waliripoti kwamba wanafunzi waliosema wamejaribu kujiua walipungua kwa asilimia 7 baada ya sheria kubadilika. Asilimia 7 ya nini? Ya waliokuwa wakijaribu. Kwa watu halisi, ni kutoka takriban wanafunzi 86 katika kila 1,000 hadi takriban 80. Kwa muuguzi, watoto sita katika elfu ni wengi sana. Hata hivyo ni bora aijue namba kwa sura zote mbili, na akumbuke kwamba utafiti huu unaonyesha mambo mawili yaliyotokea pamoja katika majimbo, haukumfuata mtoto mmoja mmoja.

Tamko la chama cha madaktari nalo lisomwe kwa jina lake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko la kuunga mkono familia hizi mwaka 2002 na tena 2013. Tamko ni uamuzi wa wataalamu waliosoma tafiti nyingi. Lina heshima yake, lakini ukitaka kuhakiki itabidi ushuke hadi kwenye tafiti zilizotajwa chini yake.

Usivushe matokeo bahari bila kuyakagua

Tafiti zote nilizozitaja zimetoka katika nchi ambazo ndoa hizi zimesajiliwa au zilikuwa zikipiganiwa mahakamani. Kuzisoma kana kwamba zimefanyika Lamu ni kosa, awe msomaji anazipenda au hazipendi. Mtoto wa Amsterdam na mtoto wa Shela hawazungukwi na majirani, sheria wala ukoo wa aina moja, na hivyo vyote huingia katika ustawi wake.

Tahadhari nyingine ni ya majina. Hapa Kenya zipo ndoa za kimila za mwanamke kwa mwanamke, kama ile ambayo Wakamba huiita iweto na kama zilivyo kwa Wanandi, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate mrithi. Si ndoa ya kimapenzi, na anayeinyanyua kuwa ushahidi wa ndoa za jinsia moja za Ulaya, ama anayeikana kwamba haikuwahi kuwepo, wote wamepima kitu kwa kibaba kisicho chake.

Kabla ya kusambaza

Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, andika sentensi moja yenye nchi, mwaka, idadi ya walioulizwa, namna walivyopatikana, waliyelinganishwa naye, na kilichopimwa. Ikiwa huwezi kuijaza, bado hujaisoma makala. Jirani yangu aliijaza yake ya kwanza pale pale dakani, akafuta mara mbili, kisha akaituma kikundini: “Utafiti wa Uholanzi wa 2020, kutoka rejista ya serikali, uliwalinganisha watoto 2,971 wa wazazi wa jinsia moja, karibu wote wa wanawake wawili, na watoto zaidi ya milioni moja, wa kwanza walipata alama za juu kiasi shuleni, na kipato cha wazazi wao kinaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.”

Kwa dakika kama kumi hakuna aliyejibu. Kisha mtu mmoja, yule yule aliyeleta ujumbe wa kwanza, akaandika: “Na ule wangu, wao waliwauliza watu wangapi?”